Boksi la Alhamisi

Kila siku kabla basi la kutoka Morogoro halijaingia stendi ya Ifakara, Aurelia alifanya mambo yaleyale. Alipangusa kaunta kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa vumbi la mashine za mpunga lilirudi hata likifutwa mara tatu. Alijaribu kalamu ya wino mzito kwenye kiganja. Kisha aliketi na chai ya rangi na vitumbua viwili. Cha kwanza alikila, cha pili alikifunika kwa sahani ili awe na kitu cha kumngoja mizigo ikishapangwa.

Alhamisi moja hakumaliza cha kwanza. Boksi lilitua mbele yake kwa kishindo, kikombe kikapinduka, chai yote ikaishia kwenye sketi yake ya kitenge.

"Dada, hii nauli mmeipanga ninyi au ameipanga shetani?"

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Pumba za mpunga zilimkaa kwenye nywele, kwenye nyusi, hata kwenye kope. Boksi lilikuwa limefunguliwa. Ndani yake mche wa waridi ulilala ubavu, kopo lake limepasuka na udongo umemwagika.

Aurelia alikuwa mtu wa aibu. Wengine wakitukanwa hupaza sauti, yeye alizidi kunyamaza. Alipangusa sketi kwanza. Akaligeuza boksi taratibu mpaka karatasi ya kampuni ya basi ikamwelekea yule kijana, akaweka kidole penye kiasi kilicholipwa ofisi ya Morogoro. Shilingi elfu nne.

Kijana akasoma. Akasoma tena.

"Mimi nimelipa elfu kumi na nane," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Ulimlipa nani?"

"Muuzaji."

"Basi muulize muuzaji. Hapa tumepewa nne."

Jina lake lilikuwa Valeriani, fundi wa mashine za kukoboa mpunga karibu na soko. Akiwa ameegemea kaunta, alieleza jinsi alivyoingia kwenye kundi la simu liitwalo Mnada wa Bustani. Kila Jumapili jioni muuzaji mmoja wa Morogoro, mwanamke aitwaye Rabia, aliweka picha za maua na watu wakapandishiana bei mia tano mia tano, hadi Rabia aandike kwamba ua limekwenda. Lile waridi yeye alilipata kwa elfu mbili, baada ya kushindana karibu saa nzima na mtu wa Dodoma. Alijiona mjanja sana.

"Ukashindana saa nzima kwa elfu mbili," Aurelia alisema, "halafu ukatoa elfu kumi na nane bila kuuliza?"

"Ile ilikuwa nauli," alijibu Valeriani. "Nani anabishania nauli?"

Ilikuwa kweli. Katika bonde lile mtu angeweza kubishania fungu la nyanya mpaka mwenye nyanya akunje mkeka aende zake, lakini akitajiwa nauli huingiza mkono mfukoni. Nauli ilichukuliwa kama mvua, haipatani na mtu. Rabia, yeyote aliyekuwa, alilijua hilo vizuri.

Valeriani aliomba radhi, akatoka. Alirudi na chai nyingine na vitumbua vitatu kwenye gazeti. Kuhusu sketi, alisema, hana la kufanya, labda apewe akaifue. Nyuma ya magunia Anold, mwenzake Aurelia wa kubeba na kupanga mizigo, alicheka hadi akakohoa. Aurelia hakucheka. Alisubiri kijana aondoke ndipo akatabasamu, na hata hapo aliinamia kikombe.

Alidhani yameishia pale. Mtu akishaonyeshwa mwizi wake harudi. Lakini Alhamisi iliyofuata basi lilishusha boksi jingine lenye jina la Valeriani, safari hii bigonia yenye majani ya madoadoa, na mwenyewe akaja kulichukua akiwa ameoga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aurelia aliliona shati, akajifanya hakuliona.

Akamuuliza maua haya yote ni ya nini. Akaambiwa. Mto Lumemo ulipofurika ulipita uani kwao na kuondoka na bustani ya mama yake, makopo saba ya rangi yaliyopangwa ukutani, kila kopo na ua lake. Nyumba ilibaki imesimama. Mama yake, Yosefina, alimshukuru Mungu kwa nyumba, lakini tangu siku hiyo hakukaa tena nje jioni. Valeriani alikuwa anayarudisha moja moja.

"Alikutajia yote saba?" aliuliza Aurelia.

"Kwa mpangilio wake. Hata lililokuwa limeanza kukauka alilitaja."

Akaomba namba ya simu ili apigiwe boksi likifika. Ombi hilo halikuwa na maana, kwa kuwa honi ya lile basi ilisikika mpaka mashineni kwake. Aurelia akampa namba.

Tangu hapo simu ikawa jambo la kila jioni. Valeriani alimwita Bosi wa Mizigo, naye Aurelia alimwita Mteja, na ndani ya majina hayo mawili waliweza kusemezana karibu kila kitu. Valeriani alimsimulia kuhusu mkulima wa Kiberege aliyeleta mpunga mbichi akoboe, akatoka na uji. Aurelia alimsimulia vifaranga waliotoroka kwenye katoni wakaingia chini ya basi, na Anold akalala kifudifudi kuwabembeleza. Mara moja Aurelia alimuuliza kama amekula, naye akajibu kwamba amekula lakini kama kuna anayealika yuko tayari kusahau. Wote wawili wakacheka, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuaga.

Siku ya Alhamisi Aurelia alivaa sketi nzuri zaidi. Boksi lenye matundu likishushwa hakuliacha juani na mengine. Alilichukua mwenyewe na kuliweka chini ya kiti chake, kwenye kivuli. Anold aliona yote hayo. Siku hiyo alipenda kupiga mluzi.

Kisha meneja alipiga simu kutoka Morogoro. Kampuni ilikuwa inafungua ofisi ya mizigo Malinyi, na walimtaka Aurelia aiongoze. Mshahara ungepanda, na chumba angelipiwa. Aliomba muda wa kufikiri. Kwa kweli hakuhitaji kufikiri. Alihitaji mtu mmoja amwambie neno moja.

Jioni ile alimwambia Valeriani, kwa namna yake.

"Wanasema Malinyi mwaka huu mvua ni nzuri."

"Malinyi? Kuna nini Malinyi?"

Akamweleza habari ya ofisi. Akamaliza, akasubiri, simu imebanwa sikioni mpaka sikio likapata moto.

"Hongera, Bosi," alisema Valeriani. "Na samaki wa kule ni wazuri."

Hayo ndiyo aliyosema. Hakumwambia kwamba baada ya kukata simu alisukuma pembeni sahani ya wali na kambale aliyokuwa akiingoja kwa hamu. Alijiuliza fundi mwenye pumba masikioni ana mdomo gani wa kumzuia msichana wa ofisi asipande cheo. Akaona hana. Akalala na njaa, akaamka na njaa.

Aurelia naye alijua jambo moja tu, kwamba amesifiwa samaki.

Alhamisi iliyofuata Anold, akiwa anashusha mizigo, alisema maneno aliyoyaona ya utani. Alisema mtu akiibiwa mara moja ni ajali. Huyu ameonyeshwa mpaka karatasi, na bado kila wiki anajipeleka kwa mwizi yuleyule na kulipa nauli ileile. Hiyo si biashara ya maua tena. Mtu halipi nauli kubwa bure, analipa kwa ajili ya mtu. Huyo ana mtu Morogoro.

Aurelia alimwambia aache umbea abebe mzigo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Valeriani alifika mikono imejaa grisi hadi viwikoni, mashine imemharibikia katikati ya kazi. Akamwomba Aurelia amfungulie simu atafute ujumbe wa risiti. Aurelia akaminya, na badala ya risiti ikafunguka sauti, kubwa, mbele ya watu wote waliopanga foleni.

"Valeriani mpenzi wangu, nimekufungia kwa mikono yangu mwenyewe. Usinisahau Jumapili, eeh? Nakungoja."

Ikafuatiwa na kicheko kilichovutwa kama mtu anayejinyoosha kitandani.

Aurelia alijua kwamba wauzaji wa mtandaoni humwita kila mtu mpenzi. Yeye mwenyewe alishaitwa hivyo na muuza viatu ambaye baadaye alimletea viatu vya mguu mmoja. Lakini kujua hakukusaidia. Alirudisha simu juu ya kaunta.

"Nauli yake bado ni ileile?" aliuliza, akitazama boksi.

"Ileile."

"Na unajua ya kweli ni ngapi."

"Ulinionyesha mwenyewe."

"Kwa nini unalipa, Valeriani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Valeriani alimtazama, akatazama foleni nyuma yake, mama mwenye ndoo ya samaki, mzee mwenye mkongojo, Anold aliyeacha kupiga mluzi. Maneno aliyokuwa nayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya ndoo ya samaki.

"Kuna vitu mtu hulipia tu," alisema.

Aurelia akamsogezea boksi, akaita foleni. "Anayefuata."

Kuanzia hapo, siku ya Alhamisi basi likiingia, Aurelia alihamia stoo ya nyuma kuhesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa, na Anold ndiye aliyesimama kaunta. Simu za jioni ziliita zikanyamaza. Valeriani alikuja Alhamisi moja katika shati jeupe akakutana na uso wa Anold. Akaja nyingine, uso ukawa uleule. Aliuliza kama Bosi yupo. Anold, ambaye sasa alianza kujuta utani wake, alisema yupo ila ana kazi nyingi. Valeriani akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa risiti sahihi.

Wiki iliyofuata hakuja.

Aurelia akapiga simu Morogoro akasema atakwenda Malinyi. Meneja alifurahi sana, akamtaka awe ameripoti kabla mwezi kuisha.

Boksi lilibaki. Aliliacha siku ya kwanza juani na mengine, kwa makusudi, na kabla ya jioni akalirudisha kivulini chini ya kiti. Akaona matundu yake ni madogo, akayapanua kwa mkasi. Akachungulia. Ulikuwa mche wa asumini, majani yameanza kulegea. Akamimina maji kidogo kwa kizibo cha chupa, akijiambia kwamba mzigo wa mteja ni amana. Baada ya siku chache vichipukizi viwili vilifunguka ndani ya giza la boksi, na ofisi nzima, iliyozoea kunuka dagaa na mafuta ya dizeli, ikanukia. Watu waliingia wakauliza nani anaolewa.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa kwamba mzigo usipochukuliwa, anapigiwa aliyeutuma. Aurelia aliuahirisha utaratibu huo kadiri alivyoweza. Mwishowe alitoka nje nyuma ya choo cha stendi, mahali pasipopita watu, akapiga namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Alitarajia ile sauti ya kujinyoosha. Aliyepokea alikuwa mwanamke mtu mzima, anawafokea wajukuu waliokuwa wanapigania ndoo.

"Shikamoo," Aurelia alisema, bila kupanga.

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

Akajieleza. Mzigo wa Valeriani wa Ifakara haujachukuliwa.

"Haujachukuliwa?" Rabia alishangaa kwa dhati. "Yule? Ua la Alhamisi? Anaumwa?"

Aurelia alisema hajui. Halafu, kwa kuwa simu ilikuwa bado mkononi na nyuma ya choo hakukuwa na foleni, aliuliza jambo ambalo halikuwa kazi yake. Aliuliza kwa nini nauli ni elfu kumi na nane wakati basi linachukua nne.

Rabia hakuona aibu hata kidogo. "Mwanangu, wewe umewahi kununua kitu mnadani? Watu wangu wakifika elfu mbili wanalala. Ua nimelilea miezi sita. Bei hawaongezi, lakini nauli wanatoa wanacheka. Sasa ua langu nimelitia ndani ya nauli. Nifanyeje?"

"Na Valeriani hakukuuliza?"

"Aliuliza. Alinipigia siku ileile, mkali kama pilipili, eti kuna dada wa ofisini amemfungua macho. Nikaona huyu ameshaamka, nisimpoteze. Nikamwambia, baba, hayo sita uliyobakiza ninayo yote hapa, nitakufungia boksi moja, nauli moja, tena ya kweli. Unajua alinijibu nini?"

Aurelia hakujua.

"Akasema hapana. Nimtumie moja moja, kila Alhamisi. Nikamwambia moja moja nauli yangu haipungui. Akasema isipungue." Rabia akacheka kile kicheko chake, na safari hii Aurelia alisikia ni kicheko cha bibi aliyepata habari nzuri. "Nikajisemea, huyu hanunui maua. Huyu ana mtu huko anakopokelea. Ndiyo maana namwita mpenzi, roho yake imekaa kimapenzi. Ni nani kwani, wewe unamjua?"

Aurelia aliaga kwa heshima zote, akabaki amesimama, mkono umebana simu. Alitazama ukuta wa choo kwa muda mrefu kuliko ukuta ule ulivyostahili.

Alipoingia ofisini alichukua boksi, akamwambia Anold anapeleka mzigo. Anold akamkumbusha kwamba ofisi haipelekagi mizigo majumbani. Aurelia akasema anajua. Anold akakimbia kumwitia bajaji kabla hajaombwa.

Alikwenda mtaa wa Lumemo, kando ya mto, na boksi mapajani, limefunguliwa juu. Njia ilikuwa na mashimo na asumini ilimpiga kidevuni kila walipoyumba. Alikuwa bado na shati la kampuni, na sketi ni ileile ya kitenge iliyomwagikiwa chai, doa lake halijatoka.

Nyumba aliijua kabla ya kuuliza. Ukutani palikuwa na alama ya tope la mafuriko kufikia kiunoni, na mbele ya alama hiyo makopo ya rangi yamepangwa. Aliyahesabu akiwa bado anashuka, kwa mazoea ya kazi. Hayakuwa saba. Yalikuwa yamepita kona ya nyumba yakaendelea upande wa pili.

Mama mmoja alikaa nje kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Yosefina alimtazama usoni, akatazama shati, akatazama boksi. Akaweka ungo chini. "Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi maua yangu yalirudi yote zamani. Nikamwambia mwanangu inatosha, sina pa kuweka. Yeye bado Alhamisi anapiga shati pasi."

Valeriani alitokea mlangoni. Alikuwa na pumba kichwa kizima. Alipomwona nani yuko uani alijifuta nyusi, na mkono nao ulikuwa na pumba, hakuongeza wala kupunguza.

"Nimekuletea mzigo," alisema Aurelia.

"Ofisi siku hizi inapeleka majumbani?"

"Haipeleki."

"Basi nauli ni kiasi gani?" Alitaka iwe sauti yake ya utani ya siku zote, lakini ilitoka nyembamba.

Aurelia akaweka boksi chini. "Nimezungumza na Rabia. Ameniambia alitaka kukufungia yote kwenye boksi moja, ukakataa."

Mtu mwenye adabu angeinuka akaingia ndani awaachie nafasi. Yosefina alivuta kigoda akakaa vizuri zaidi.

"Boksi moja lingenileta stendi mara moja tu," alisema Valeriani. "Nilikuwa nakuja kwako, Aurelia. Maua yalikuwa sababu ya kuingia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mtu wa ofisi. Ukaniambia Malinyi mvua ni nzuri, nikaona umeshaondoka. Mimi ni nani nikukalishe hapa?"

"Nimeshawakubalia," alisema Aurelia. "Wananingoja kabla mwezi kuisha."

Valeriani aliitikia kwa kichwa, polepole. Akainama kuchukua boksi, kama kawaida yake akishapewa jibu. Aurelia aliuona ule mgongo ukiinama, akajua kwamba ukinyooka utaingia ndani na boksi, mlango utafungwa kwa heshima, na yeye atapanda bajaji na heshima yake mpaka Malinyi.

"Liache kwanza," alisema.

Akaliacha.

Aurelia hakutazama chini. "Sikuwahi kutaka kwenda Malinyi. Nilikutajia ili uniambie nisiende. Nakupenda, Valeriani. Niambie nisiende."